Mtoto wa Ndugu Yako Nyumbani Mwako
Somo: Esta 2:5-11 na 2:15, Mwanzo 48:1-6



Katika kitabu cha Esta liko neno fupi ambalo wasomaji wengi hulipita mbio, kwa kuwa macho yao yanamtafuta mfalme na karamu zake. Twasoma ya kwamba katika mji wa Shushani alikuwako Myahudi mmoja, jina lake Mordekai, mtu wa kabila ya Benyamini, naye alikuwa akimlea msichana aliyefiwa na baba na mama. Msichana huyo alikuwa binti wa ndugu ya baba yake. Kwa hesabu yetu sisi, binti wa baba mdogo ni dada. Basi Mordekai alimtwaa dada yake, akamweka mahali pa binti. Hatusomi ya kwamba jamaa wengine walimgombania. Walikuwa watu wa uhamishoni, mbali na mashamba ya baba zao, na yatima yule hakuwa na kitu mkononi. Kama baba yake angaliacha shamba zuri la migomba na nyumba ya bati, nadhani wajomba wangalitokea hata huko Shushani.

Sasa angalieni jambo moja ambalo kwangu ni kubwa. Baba yake msichana aliitwa Abihaili. Alikuwa amekwisha kufa. Hatuambiwi alikuwa mtu wa namna gani wala alifanya kazi gani. Lakini siku Esta alipokwenda mbele ya mfalme, kitabu chamtaja kuwa binti Abihaili. Na mwishoni kabisa, katika sura ya tisa, amekwisha kuwa malkia, anaandika barua kwa mamlaka yote, naye bado atajwa kuwa binti Abihaili. Mordekai alimfanya kuwa mwanawe, asilifute jina la marehemu. Alimlea mtoto wa mtu, na mtoto akajua ni wa nani. Tena Esta alipoondolewa nyumbani kwake na kutiwa katika nyumba ya wanawake, Mordekai hakusema kwamba mzigo umeshuka mabegani. Kila siku alipita mbele ya ua ule, apate kujua hali yake na yatakayompata.

Haya, tuje kwetu. Mtu akifa akiacha watoto wadogo, jamaa hukaa matanga, na siku ya kuondoa tanga wazee wa ukoo huketi kitako. Husemwa habari za madeni, husemwa habari za shamba na mifugo, kisha mtu mmoja huuliza: Na watoto je? Mmoja apelekwa kwa baba mkubwa Moshi, wa pili kwa shangazi Tanga, na kitindamimba abaki na bibi. Mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika nchi yetu walitambuliwa mwaka 1983, swali hilo liliulizwa katika nyumba nyingi mno miaka iliyofuata, hata wakawako mabibi waliolea wajukuu wa watoto wao watatu au wanne chini ya paa moja, na jembe ni lile lile moja.

Desturi hii ya jamaa kuwatwaa watoto wa jamaa ni njema, nami sitaki mtu yeyote adhani kwamba naitukana. Wala serikali haiidharau. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, itumikayo Tanzania Bara, yasema ya kwamba wazazi wakiwa wamekufa, wajibu wao juu ya mtoto waweza kupita kwa ndugu wa mzazi yeyote kati ya hao wawili, ama kwa amri ya mahakama, ama kwa mapatano ya jadi. Basi kikao chenu cha matanga chaweza kuwa na nguvu. Lakini someni vizuri: ndugu wa mzazi yeyote. Haikusemwa upande wa baba tu kwa Wachaga na Wahaya, wala upande wa mama tu kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata mama. Na juu ya yote sheria hiyo imeweka neno moja la kutangulia, ndilo faida ya mtoto.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa imekwisha kusema hivyo hivyo katika kifungu cha 125, kwa habari ya wazazi wanaoachana. Hakimu aamuapo mtoto akae na nani, kwanza kabisa atazame ustawi wa mtoto; kisha asikilize matakwa ya wazazi, na matakwa ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kusema lake, na desturi za watu wale. Desturi imepewa kiti, lakini si kiti cha mbele. Mtoto aliye chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa yafaa akae na mama yake, mpaka ithibitishwe vingine. Na hata hapo hakimu aonywa aangalie ubaya wa kumvuruga mtoto kwa kumhamisha huku na huku. Sheria ya 2009 yaongeza ya kwamba ni vema ndugu wasitenganishwe, na malezi yasikatizwe. Mabwana wale waliotunga sheria hawakuwa wakihubiri, lakini wengi wetu tuliosikia mahubiri tangu utoto hatujafika walipofika.

Maana liko donda kati yetu, na afadhali tulifunue. Wako wajomba wamzuiao mtoto kwa sababu mahari ya mama yake haikumalizika. Mama amekufa, baba aja kumtwaa mwanawe, naye aambiwa alete kwanza ng'ombe wawili waliobaki. Tena wako watu wa upande wa baba wamnyang'anyao mjane mtoto aliye bado kifuani, wakisema kwamba mahari walikwisha toa, na kila kilichotoka tumboni ni chao. Hawa na wale ni mamoja. Mtoto amefanywa rehani. Ng'ombe aweza kuwekwa rehani, na shamba pia; mtu aliyebatizwa kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu hawekwi rehani na mtu awaye yote, hata na mzee wa kanisa. Mjue pia ya kwamba kwa Sheria ya Ndoa, ndoa iliyofungwa sawasawa haivunjwi nguvu kwa kuwa mahari haikutolewa yote. Kama pana deni la mahari, wazee na wadaiane wao kwa wao, mtoto asitiwe katika hesabu hiyo.

Na wako wamtakao mtoto kwa maneno matamu. Mtu wa mjini aandika barua kwa bibi yake kijijini, ampelekee yule binti wa miaka tisa, atamsomesha. Bibi afurahi, amfungia mtoto nguo zake mbili, amtia katika basi. Baada ya mwaka yule binti hajaona mlango wa shule. Abeba mtoto mchanga wa mwenyeji, afua, apika, alala jikoni. Wengi wenye kuwaita watoto wa ndugu zao ni wakweli, nami nawajua waliojinyima chakula ili yatima wa jamaa amalize kidato cha nne. Lakini bibi ana haki ya kuuliza kabla ya kumwachilia: Atasoma shule ipi? Atalala na nani? Nitapataje habari zake? Mwenye nia njema hatachukizwa na maswali hayo. Mordekai, aliyemjua Esta tangu udogo, hakutosheka na habari za mwezi jana. Alikwenda mwenyewe kuuliza, na kesho akaenda tena.

Kisha mali. Hapa nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kila mtu aelewa. Mlezi si mrithi. Sheria ya 2009 yakataza mtoto kunyimwa kufaidi mali ya wazazi wake. Kama marehemu aliacha kibanja au kihamba, anayemlea mtoto aweza kulima na kumlisha kwa mazao yake, lakini siku mtoto atakapokuwa mtu mzima asikute mipaka imekwisha kusogea. Nyumba ya Hamani alipewa Esta, naye akamweka Mordekai kuisimamia. Nyumba ilikuwa ya Esta. Najua Esta alikuwa mtu mzima wakati huo, wala si habari ya mirathi, ila mfano wafaa kwa wenye kusahau kwamba kusimamia si kumiliki.

Wako walezi waulizao hivi: Je, nimwasili mtoto wa marehemu dada yangu? Kuasili ni neno la mahakamani, nalo ni zito kuliko kulea. Alezaye amshika mtoto wa mwingine. Aasiliye amfanya kuwa wake kabisa: mahakama ikiisha kutoa amri, haki na wajibu wa wazazi wa kwanza hukoma, nazo zawa za aliyeasili, naye akifa bila wosia, mtoto hurithi kama aliyezaliwa kwake. Jambo hili haliamuliwi sebuleni, wala karatasi iliyotiwa mhuri wa kijiji haitoshi. Mzazi aliye hai hana budi kuulizwa ridhaa yake, isipokuwa yule aliyemtupa mwanawe au aliyemtesa, na Afisa wa Ustawi wa Jamii huchunguza nyumba na kutoa habari zake kwa mahakama.

Katika Maandiko tunaye babu aliyefanya hivyo. Yakobo alikuwa mgonjwa kitandani huko Misri, na Yusufu akamletea wanawe wawili, Manase na Efraimu. Mzee akawatwaa wajukuu wale kuwa wanawe, sawa na Reubeni na Simeoni, na watakaozaliwa baada yao akamwachia Yusufu. Tazameni jinsi alivyofanya. Baba yao alikuwa hai, alikuwa papo hapo, naye ndiye aliyewaleta. Hapakuwa na siri. Majina ya watoto yalitajwa, na mpaka ukatajwa: hawa ndiyo, wale sivyo. Tena halikuwa neno la mapenzi ya mgonjwa tu, kwani nchi ilipogawanywa siku za Yoshua, Manase na Efraimu walipata kila mmoja fungu lake. Na baada ya hayo yote, hata leo msomaji wa Biblia awajua kuwa wana wa Yusufu.

Kwa nionavyo mimi, yatima wengi walelewao na jamaa zao hawahitaji kuasiliwa. Ulezi uliowekwa wazi na kuandikwa wawatosha, na jina la baba yao lakaa mahali pake. Lakini kama mlezi hana mtoto mwingine, au kama aogopa kwamba siku akifa ndugu zake watamfukuza yule aliyemlea miaka kumi na mitano, basi na aende mahakamani angali na nguvu. Mapenzi yake hayatasikika kaburini. Asije mtu akatumia njia hiyo kumfukuza baba aliye hai, ambaye kosa lake ni umaskini. Umaskini si kumtupa mtoto.

Labda mtu atasema: Sisi ni Wakristo, twaaminiana, ya nini karatasi? Na tumwangalie Martin Luther mwenyewe. Nyumba yake ya Wittenberg, iliyokuwa zamani ya watawa, ilijaa yatima wa jamaa, watoto wa dada zake, mbali na watoto sita aliowazaa na mkewe Katharina. Katika kulea alikuwa hodari. Katika kuandika alikuwa na kiburi kidogo, maana hakuwapenda wanasheria hata kidogo. Tarehe 6 Januari 1542 aliandika wosia kwa mkono wake mwenyewe, bila kufuata taratibu zao, na rafiki zake Melanchthon, Cruciger na Bugenhagen wakatia sahihi. Alitaka Katharina arithi, tena awe mlezi wa watoto wao, kwa kuwa hakuna amjuaye mtoto kuliko mama yake. Neno jema kabisa. Lakini sheria ya Saxony ya siku zile haikumpa mjane nafasi hiyo. Luther alipokufa mwezi wa Februari 1546, mtawala Johann Friedrich aliuthibitisha wosia, ila walezi waliwekwa juu ya mjane na watoto. Na chansela Brück akashauri wana wale watengwe na mama yao. Katharina hakukubali. Alishindana, akiwa katika msiba, mpaka akapata kukaa na watoto wake. Alisaidiwa na kuwa mjane wa Luther, na mtawala alikuwa rafiki. Mjane wa Bukoba au wa Lushoto, asiye na rafiki barazani, atashindana kwa nini?

Wainjilisti, sasa nasema nanyi, kwa maana ninyi ndio mnaoitwa kwanza, hata kabla ya mwenyekiti wa kijiji.

Mkiwapo katika kikao cha kuondoa tanga, msiishie kuomba na kunywa chai. Ombeni kalamu. Iandikwe: majina ya marehemu, majina ya watoto na tarehe za kuzaliwa, nani atamlea nani, mali iliyobaki ni ipi na nani aisimamia. Watie sahihi watu wa pande zote mbili, wa baba na wa mama. Mtu asiyejua kuandika atie dole gumba. Mtoto aliye na akili ya kusema aulizwe, tena asiulizwe mbele ya baba mkubwa aliyekunja uso. Aulizwe kando, na mtu amwaminiye. Nakala moja ikae kwa mlezi, moja upande wa pili, moja ipelekwe kwa Afisa wa Ustawi wa Jamii.

Mkiona kwamba watu hawapatani, msijifanye mahakimu. Baraza la usuluhishi la usharika kazi yake ni kupatanisha mume na mke. Halina mamlaka ya kumtoa mtoto kwa huyu na kumpa yule. Sheria ya 2009 imeweka Mahakama ya Watoto, ambayo husikiliza maombi ya malezi na matunzo ya mtoto, na majengo ya mahakama za mwanzo yaweza kuteuliwa kwa kazi hiyo, waelekezeni huko. Nasikia wengine huona haya kumwona Mkristo akiingia mahakamani. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kushitakiana juu ya faida zao wenyewe. Yatima aliyepokwa shamba hatafuti faida, aomba kulindwa, na mwenye mamlaka ameitwa kwa kazi hiyo.

Neno jingine ni la kitabu cha ubatizo. Mlezi atakuja kwenu, mtu mwema, mwenye machozi, aombe mwandike jina lake mahali pa baba. Atasema kwamba ni kwa ajili ya shule, au kwamba mtoto asisikie uchungu, au kwamba marehemu alikuwa mlevi asiyefaa kukumbukwa. Msiandike. Andikeni jina la baba na mama waliomzaa, kisha mwandike jina la mlezi kwa heshima kama mlezi, na majina ya wasimamizi. Sheria ya 2009 yampa kila mtoto haki ya kuwajua wazazi waliomzaa na jamaa zake. Kitabu chenu chaweza kuwa ndicho ushahidi wa pekee atakaoupata mtoto huyo baada ya miaka ishirini, atakapotaka kujua alizaliwa lini, kwa nani, na shamba la baba yake lilikuwa wapi. Na kuna hatari nyingine ambayo wenye huruma hawaifikirii: wawili waliozaliwa tumbo moja, wakalelewa mbali kwa majina mengine, huweza kukutana ukubwani na kuja kwenu watangazwe ndoa. Kama kitabu kimesema uongo, nani atawazuia?

Msimwache mtoto aambiwe na majirani. Mlezi amwambie mwenyewe, mapema, kwa maneno mepesi, kama habari ya kawaida ya nyumbani. Ampeleke kaburini kwa wazazi wake, amwonyeshe. Mtoto aliyejua tangu mwanzo humpenda mlezi wake vile vile. Esta aliendelea kumtii Mordekai hata alipokuwa kwa mfalme, kama alipokuwa akilelewa kwake.

Limebaki neno la mabibi. Katika kila usharika wako bibi mmoja au wawili wenye miaka sabini na zaidi, na ndani ya nyumba mna watoto wanne. Sote twawasifu, na siku ya mavuno twawapa fungu. Lakini nani amekwisha kumwuliza bibi yule, ukiitwa na Bwana, watoto hawa waende kwa nani? Twaona haya, kana kwamba twamwombea kifo. Yeye mwenyewe huliwaza swali hilo usiku, kila usiku. Basi, mwinjilisti, nenda pamoja na mzee mmoja wa kanisa na mwanamke mmoja ambaye bibi humwamini. Mwulizeni angali na nguvu za kujibu. Waiteni jamaa anaowataja, msikie kama watakubali kweli, na kama watoto watakuwa pamoja. Andikeni, someni kwa sauti, na watoto wakubwa wakiwapo. Kisha achaguliwe mtu mmoja wa usharika atakayepita nyumba ile kila mwezi, sasa na baada ya bibi, awatazame watoto na kusikia habari zao. Na jina la mtu huyo liandikwe katika karatasi ile ile, chini ya majina ya mashahidi.